Pedi za Gari la Kazini na la Mbio: Uliza Joto Kwanza

Julai iliyopita jirani yangu wa Ilboru, hapa Arusha, alifunga pedi za breki za mashindano kwenye Subaru Impreza yake. Alizipata kwa mtu aliyekuwa anauza vifaa vya gari lake la rali, zikiwa zimebaki nusu ya unene, kwa bei ya kutupa. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya migomba, akatoka getini, akaanza kushuka, bodaboda akamkatia mbele. Akakanyaga breki. Anasema gari lilijifanya halijasikia. Lilikuja kusimama, na bodaboda hakuguswa, lakini jirani alirudi nyumbani kwa gia ya kwanza na kumpigia fundi kulalamika kwamba ameuziwa feki.

Feki hazikuwa. Zilikuwa hazijapata joto.

Ukienda duka la spea, liwe la Arusha au la Moshi, utaulizwa gari gani, mwaka gani, na una bei gani mfukoni. Muuzaji atakupangia maboksi matatu kaunta: za kawaida, orijino, na orijino yenyewe. Swali la joto halipo, na kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi halina haja ya kuwepo. Kwa mtu ambaye Jumatatu anapeleka watoto shule na Jumamosi anapeleka gari lilelile kwenye mbio, swali hilo ndilo la kwanza.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala wa pedi unageuka kuwa wa ushabiki kama Simba na Yanga. Breki haifanyi kazi nyingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,300 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kilojuli 500 hivi. Ukilisimamisha, nishati yote hiyo inaishia kwenye vyuma vya breki. Ingetosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, kwa sababu gari likikanyagiwa breki uzito wake mwingi hukimbilia mbele. Kama kila diski ya mbele, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi, ina kilo 6 za chuma, kusimama mara moja kutoka 100 kunaipandisha joto kwa nyuzi 60 hivi za Selsiasi.

Sasa angalia tofauti. Nishati ya mwendo hupanda kwa mraba. Ukisimama kutoka 50, diski hiyohiyo inapanda nyuzi 15 tu. Ukisimama kutoka 160, inapanda zaidi ya nyuzi 160. Barabara ya Arusha kwenda Moshi unaijua: Tengeru 50, Usa River 50, na trafiki mwenye tochi amejibanza nyuma ya mti kuhakikisha umesoma kibao. Unasimama mara chache, kwa upole, na katikati upepo unapoza diski. Pedi za gari la kazini huishi maisha yao mengi chini ya nyuzi 200. Uwanjani unakanyaga kila kona, kutoka mwendo mkubwa, na kabla diski haijapoa kona nyingine imefika. Hapo nyuzi 400 hadi 600 si ajabu.

Kwa hiyo mtu mwenye gari la kazi mbili anaitaka pedi moja ishike vizuri ikiwa na joto la mkono wako na ishike vizuri ikiwa inakaribia kuwa nyekundu. Hakuna mchanganyiko unaofanya yote mawili kwa ukamilifu.

Ndani ya pedi kuna nini? Ni bati la chuma mgongoni, na juu yake kipande cha mchanganyiko uliobanwa kwa moto: nyuzinyuzi za kushikilia, unga wa chuma au shaba, grafaiti ya kulainisha, chembe ngumu za kukwaruza, na gundi inayoshika vyote pamoja. Gundi ndiyo mwisho wa safari kwa pedi nyingi. Ikipita joto lake huanza kuungua na kutoa gesi, na gesi ile hukaa kati ya pedi na diski. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama ubao, gari haliitiki.

Chimbuko la biashara hii ni la milimani. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood, wa Derbyshire, alianza kutengeneza vitu vya kushikia breki baada ya kuona wenye mikokoteni ya farasi wakipachika soli za viatu vikuukuu kwenye gurudumu ili mkokoteni usiwatoroke mteremkoni. Kampuni yake, Ferodo, ipo mpaka leo, na jina ni herufi za ukoo wake zilizochanganywa, ikaongezwa E ya mkewe Elizabeth. Baadaye ikaja asbesto, ambayo ilivumilia joto vizuri sana na kuua watu kwa vumbi lake. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imeshagawanyika katika kutafuta mbadala, na mgawanyiko huo unatuhusu sisi moja kwa moja.

Wajapani walikwenda njia ya pedi laini, ambazo watu huziita oganiki: hazina nyuzi za chuma au zinazo kidogo, hazipigi kelele, hazichafui rimu, haziili diski. Wazungu wa Ulaya, na hasa Wajerumani wenye barabara za kukimbia, waliongeza chuma kiasi, wakapata breki inayouma zaidi na kuvumilia zaidi, kwa gharama ya vumbi jeusi na diski kuisha mapema. Magari yetu mengi yameshuka bandarini kutoka Japani. Ina maana pedi iliyokuja na Altezza au Forester yako, na nyingi zinazouzwa kuchukua nafasi yake, zimetungwa kwa ajili ya mji uliotulia. Ukilisikia gari la Kijapani linaitwa "halina breki" baada ya mizunguko minne ya uwanja, kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na diski mara nyingi hazina kosa. Pedi imetumwa kazi ambayo haikuzaliwa nayo.

Kati ya hizo zipo nusu-chuma, ambapo chuma kinaweza kuchukua nusu ya mchanganyiko au zaidi. Zinavumilia joto, na kwa gari zito linaloshuka milima ni chaguo la maana. Kasoro yake wengi hawaiwazi: chuma hupitisha joto, na joto linalopita kwenye pedi linaishia kwenye pistoni inayoisukuma pedi na kwenye mafuta ya breki. Zipo pia seramiki, jina lililowachanganya watu wengi. Seramiki ya dukani ni pedi ya utulivu na usafi, nzuri kwa anayechukia rimu chafu. Haina undugu na zile diski za kaboni na seramiki za magari ya bei ya nyumba. Usiinunue ukidhani umenunua mbio.

Halafu zile za jirani yangu, za mashindano. Hizi zimetungwa zifanye kazi kuanzia nyuzi 150 au 200 kwenda juu, nyingine zikifika 700 bila kulalamika. Rudi kwenye hesabu ya juu: ukisimama kutoka 50 unaongeza nyuzi 15. Diski iliyolala nje usiku wa Julai, Ilboru, huenda inaanza na nyuzi 12. Ukienda kazini nayo taratibu, unaweza kufika Njiro pedi haijaona joto lake hata mara moja. Na wakati wote huo, ikiwa baridi, inaikwaruza diski kama msasa. Zipo za kisasa zinazoshika vizuri zaidi zikiwa za baridi, lakini nazo hulia kila makutano mpaka abiria wa vifodi, daladala zetu, wanakugeukia.

Hapa naomba nipinge kitu ambacho vijana wa gereji hukisema kama Aya: kwamba pedi ya mbio ni pedi ya kawaida iliyoboreshwa. Ni chombo kingine. Shoka si kisu kilichoboreshwa.

Kabla hujachagua, jiulize mbio zako ni za wapi. Hapa kwetu mbio ni vumbi kwanza, lami baadaye. Kumbuka rali ya kwanza ya Afrika Mashariki, mwaka 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake ilikuwa udongo na matope. Mwaka huohuo, kule Le Mans nchini Ufaransa, Jaguar zilishinda kwa diski za breki wakati wengine wengi wakihangaika na breki za ngoma. Ni dunia mbili tofauti, na breki zake zilitofautiana kwa sababu moja: tairi.

Breki haiwezi kupunguza mwendo kuliko tairi inavyoweza kushika ardhi. Kwenye lami kavu tairi inashika sana, unachelewa kukanyaga, unapunguza mwendo mwingi kwa muda mfupi, diski inamezeshwa joto lote kwa mkupuo. Kwenye changarawe mshiko ni kama nusu hivi. Mwendo wenyewe ni mdogo, unaanza kukanyaga mapema, udongo nao unakusaidia kulizuia gari, na joto linaingia kwa awamu. Ndiyo maana mtu wa uwanja wa vumbi anaweza kutumia pedi nzuri ya barabarani na asiifikishe mwisho, wakati rafiki yake aliyepata nafasi ya kukimbia kwenye lami, kwa gari lilelile, anapika breki mzunguko wa tatu. Tofauti pekee ni wale wanaokanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mafuta, mtindo wa rali. Hao hupasha joto popote walipo.

Vumbi lina adhabu yake nyingine. Chembe za mchanga wetu huingia kati ya pedi na diski na kuchora mifereji, na pedi laini inazimeza zikakaa humo zikiendelea kusaga. Ukitoka kwenye vumbi, vua matairi, puliza kwa upepo wa kompresa, na tazama zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Masika ikifika, matope hukauka pale pale na kalipa inagoma kurudi.

Kwa watu wa Moshi kuna jambo la tatu, ambalo halihusu mbio kabisa ila linapika breki kuliko mbio. Gari la kilo 1,300 likishuka mita 100 za mwinuko hutoa nishati sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka 100. Shuka mita 500, tuseme unatoka Kibosho, Machame au juu ya Marangu, na kama gia iko kwenye D na mguu uko kwenye breki mwanzo hadi mwisho, umesimama kutoka 100 mara kumi na mbili na zaidi, bila kupumzika, kwa mwendo ambao hauleti upepo wa kutosha wa kupoza. Harufu ile ya kuungua unayoisikia ukifika chini nyuma ya Noah ya abiria ndiyo hiyo. Dawa yake ipo kwenye gia: teremsha, acha injini ishike gari, kanyaga kwa nguvu kidogo kisha achia kabisa. Mtu anayeishi huko juu na kufanya kazi mjini Moshi anahitaji pedi yenye uvumilivu kuliko mwenzake wa Njiro, hata kama hajawahi kuona uwanja wa mbio.

Sasa jinsi ya kusoma pedi. Nyingi zina maandishi pembeni, na mwishoni kuna herufi mbili kubwa, kwa mfano FF au GF. Ni mfumo wa Kimarekani. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa imepashwa. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, maana yake pedi inapoteza nguvu ikipata joto. Kwa gari la kazi mbili, irudishe kaunta. FF ni pa kuanzia. Lakini herufi hizi zina mpaka: jaribio lenyewe halifiki joto la uwanjani, kwa hiyo GG haikuambii nini kitatokea nyuzi 500. Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba yenye 90R, ya kanuni ya Ulaya, inayotaka pedi mbadala isipishane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ni uhakikisho mzuri kwa barabara. Pedi za mbio kwa kawaida hazina alama hiyo wala hazijaiomba.

Kuhusu feki sina mengi. TBS na Tume ya Ushindani wanakamata, na bado zipo. Maandishi ya wino yanayofutika kwa kucha, bati jembamba, ufa kati ya bati na mchanganyiko, rangi mbili tofauti ndani ya boksi moja: rudisha.

Nimesema mengi juu ya pedi, na nakiri kwamba kwa watu wengi wanaonipigia baada ya breki "kufeli" uwanjani, pedi haikuwa na hatia. Mguu wako unajua tofauti. Pedali ikibaki ngumu na gari halisimami, pedi imezidiwa. Pedali ikiwa laini, ikizama mpaka karibu na zulia, ukipiga mara mbili inarudi kidogo, basi mafuta ya breki yamechemka. Mvuke hubanwa, majimaji hayabanwi. Nguvu ya mguu inaishia kukandamiza mapovu.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na maji yakiingia kiwango cha kuchemka kinaanguka. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishalowa kiasi kinachotumika kwenye vipimo ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari lililotoka Japani, likakaa bandarini, likafika kwako na hujawahi kugusa kile kikopo, lina mafuta ya umri ambao hata wewe huujui. Maji ya chai Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu, na mafuta ya breki nayo hupungukiwa kidogo, ingawa unyevu ndio mwizi mkubwa. Badilisha yote kila mwaka ukienda mbio, weka DOT 4 nzuri au 5.1, na usiguse DOT 5 bila nukta moja nyuma yake: hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine.

Haya, uchague nini? Ningekuwa nafunga gari langu la kazini linaloonja vumbi mara tatu au nne kwa mwaka, ningenunua pedi za barabara za daraja la michezo, zile ambazo mtengenezaji anasema wazi zinashika tangu baridi na kuvumilia mpaka nyuzi 500 au 600. Zitatoa vumbi, zitalia kidogo asubuhi, na mke wangu atauliza. Mafuta mapya, diski za kawaida zenye matundu ya upepo katikati, basi. Diski za kutobolewa matobo nisingezigusa. Zikipashwa na kupoa mara nyingi nyufa huanzia kwenye tobo.

Ukikimbia kwenye lami, na kwa dhati, nunua seti mbili. Zile za mbio unazifunga ukifika, unazivua kabla ya kurudi. Kazi ni nusu saa kwa magurudumu mawili ya mbele kwa mtu mwenye jeki, stendi na spana zake. Usifunge kali nyuma na laini mbele, kwa sababu magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari litageuka lenyewe. Wala usianze siku ya mbio na pedi iliyo chini ya nusu: unene ndio unaoyakinga mafuta na joto. Mpya ina milimita 10 au 11. Ikifika 3 kwa gari la barabarani imeisha, kwa mbio iliisha zamani.

Pedi mpya, ya aina yoyote, huolewa na diski kabla ya kuaminiwa. Tafuta barabara tulivu, nenda 80, punguza kwa nguvu hadi 20 bila kusimama, ongeza mwendo, rudia mara nane au kumi, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Unachofanya ni kupaka utando mwembamba wa pedi juu ya diski. Ukikosea, utando unashika kwa mabaka, usukani unaanza kutetemeka, na fundi anakuambia diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda. Ukibadilisha kutoka seti moja kwenda nyingine, utando wa zamani bado upo pale, kwa hiyo zioanishe upya.

Mabaka hayo hupatikana kirahisi zaidi kwa njia nyingine: unatoka uwanjani, diski inawaka, unapaki, unabaki umekanyaga breki au unavuta hendibreki. Pedi inaacha alama yake pale ilipogusa. Zunguka polepole mzunguko mmoja bila breki, kisha paki, weka gia, hendibreki iache chini. Kama kuna mteremko, fanya anachofanya utingo wa Fuso tangu zamani: shuka, tafuta jiwe, liweke nyuma ya tairi.